Uzoefu wangu: kuvuka Gemmi kwa miguu, Kandersteg hadi Leukerbad

Ukija Uswisi ukawa na siku moja tu ya kutembea milimani, ipe njia ya Gemmi. Nimeshapita njia kadhaa za Alpi, na kila anayeniuliza namwelekeza hii. Inaanzia Kandersteg upande wa Bern, inapanda hadi kwenye upenyo ulio karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, halafu inateremkia Leukerbad, jimbo la Valais.

Waliozoea Kilimanjaro watashangaa. Hapa hakuna geti wala kiingilio, na hulazimiki kuchukua mwongozaji. Unafuata vibao vya njano na alama nyeupe-nyekundu-nyeupe zilizopakwa kwenye mawe. Vibao vinaandika muda wa kutembea, si kilomita, na mapumziko hayamo kwenye hesabu hiyo. Mwenye watoto ajiongezee muda wa kutosha.

(Wakenya, kabla hamjaondoka Kandersteg: pale kijijini kuna kituo cha kimataifa cha skauti, kilichoanzishwa 1923 kutokana na wazo la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, yuleyule aliyezikwa Nyeri.)

Mimi nilipanda gari la kebo hadi Sunnbüel, na ndivyo ninavyoshauri, kwa sababu magoti utayahitaji baadaye. Kutoka hapo njia ni pana na mteremko wake ni wa taratibu. Unaingia Spittelmatte, malisho ya ng'ombe, kengele zinalia kila upande. Kushoto kwako ni mlima Altels. Septemba 1895 barafu ya juu ya mlima huo ilimeguka, ikaporomoka hadi kwenye malisho haya na kuua watu 6 na ng'ombe zaidi ya 150. Ubavu wake ni bapa moja kubwa la mwamba lililoinama, hakuna kitu cha kuzuia kinachoanguka. Nilisimama nikauangalia kwa muda mrefu.

Mbele kidogo ni Schwarenbach, nyumba ya wageni iliyojengwa 1742 ikiwa kituo cha ushuru. Nilikunywa supu ya shayiri, ya moto kwelikweli, na sikusikia vibaya kuilipia bei ya Uswisi. Kisha unafuata ukingo wa ziwa Daubensee. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yake hupotelea chini kwa chini ndani ya mawe ya chokaa. Ukimaliza ziwa umefika juu, na hali ya hewa ikiwa nzuri unaona kilele baada ya kilele ng'ambo ya bonde la Rhône, Matterhorn ikiwemo.

Hapo juu wengi huingia gari la kebo wakashuka Leukerbad, na hapo ndipo ninapowaomba wasifanye hivyo. Gemmi yenyewe ni ule ukuta. Ukichungulia, mapaa ya Leukerbad yako chini ya miguu yako, karibu mita 900, na huoni kabisa mtu atapita wapi. Ila njia ipo. Mafundi kutoka Tyrol waliichonga kwenye genge kati ya 1739 na 1741, kona juu ya kona, upana wa kumtosha nyumbu na mzigo wake. Kuna mahali mwamba umekufunika kichwani kama dari, maji yanakudondokea begani, na mkono wa pili uko kwenye hewa tupu. Wasafiri wa zamani waliambiwa washuke kwenye wanyama wakatembee. Mwaka 1861 mwanamke wa Kifaransa alianguka kutoka kwenye tandiko akafa hapa, na mnara wa kumbukumbu yake upo njiani. Mtu makini, mwenye viatu vinavyoshika, atashuka salama. Mwenye kizunguzungu cha urefu achukue kebo, haina aibu.

Angalizo kuhusu fimbo za kutembelea: nilizikodi kwenye duka moja huko bondeni, na moja ikawa inajikunja kila nikiiegemea, kifungio kimelika. Zijaribu kwa uzito wako wote kabla hujatoka dukani. Pia, Juni theluji bado inaweza kuwepo, kwa hiyo ulizia hali ya njia siku hiyohiyo. Ukungu au radi vikiwepo, ukuta huo uuache.

Leukerbad kuna mabwawa ya maji moto. Chemchemi inatoka ardhini ikiwa na nyuzi 51, kisha maji hupozwa. Nenda moja kwa moja na miguu yako iliyochoka. Kurudi Kandersteg, basi linakushusha stesheni ya treni ya Leuk. Hakikisha treni utakayounganisha ni ile inayopitia stesheni ya Goppenstein na handaki la zamani la mwaka 1913. Zile za kasi hupita handaki jipya la chini na hazisimami Kandersteg.