Jaketi okozi za madukani Kigoma: ipi inamfaa mvuta wavu wa dagaa

Ingia duka lolote la zana za uvuvi mjini Kigoma. Jaketi okozi utazikuta zimening'inizwa juu ya mabunda ya nyavu, zote za rangi ya chungwa, zote ndani ya nailoni, na muuzaji atakuapia kuwa zote ni orijino. Kwa macho hazina tofauti. Tofauti iko ndani ya kitambaa. Hapa tumezitazama kwa makundi matatu yanayouzwa, na kipimo chetu ni kazi moja tu: kuvuta wavu wa dagaa usiku wa giza, mbali na nchi kavu, kwenye Ziwa Tanganyika ambalo hata karibu na ufuko hushuka ghafla na kina chake kikubwa ni mita 1,470. Abiria wa boti za Mwamgongo na Kagunga, vijiji vya kaskazini mwa mji, tutawagusa mbele kidogo, maana mahitaji yao ni mengine.

Tuanze na ya bei rahisi, kwa kuwa ndiyo imejaa mialoni.

Ni kizibao chepesi cha polista: zipu mbele, mikanda miwili ya klipu, bamba mbili kifuani na moja mgongoni. Ishike bamba ya kifuani uibane kwa vidole viwili. Foamu ya kweli hukataa, inabonyea kidogo na kurudi. Sponji ya godoro inabonyea mpaka vidole vinakaribia kukutana, na ukiweka mdomo penye mshono ukapuliza, pumzi inapita hadi upande wa pili. Foamu ya kuelea imejaa vijumba vidogo vilivyozibwa kila kimoja kivyake, kwa hiyo maji hayana njia ya kuingia. Vijumba vya sponji vimetobokeana. Vinakunywa maji kama kitambaa cha kudekia. Sponji hiyo itakuelesha dakika chache kwa hewa iliyonaswa humo, kisha inageuka mzigo uliojifunga mwenyewe kifuani. Kuna mafundi wanaozishona upya zilizochakaa na kuzijaza vipande vya godoro, nazo zinarudi sokoni na kitambaa safi kabisa.

Lebo peke yake isikutoshe. Kipimo cha uhakika hakihitaji maabara, kinahitaji mawe na mzani wa dagaa. Jiwe gumu likizama hupoteza karibu sehemu mbili kwa tano za uzito wake. Nguvu ya jaketi huandikwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kubeba kama kilo moja ndani ya maji. Kwa hiyo jaketi ya nyutoni 50 inapaswa kubeba kilo 8 za mawe, ya nyutoni 100 kilo 16, ya nyutoni 150 kilo 25. Pima mawe yakiwa makavu, yatie kwenye kipande cha wavu, funga kwa kamba ya mita moja kwenye mkanda wa kiunoni wa jaketi iliyofungwa zipu na klipu zote. Nenda maji ya kifuani, ikandamize chini mpaka mapovu yaishe, iachie. Ikielea, iache hapo hadi kesho yake saa ileile. Hizo saa 24 ndizo zenye maana: kanuni za Shirika la Bahari la Kimataifa (IMO) zinataka jaketi isipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu ya kuelea baada ya kukaa saa 24 kwenye maji yasiyo na chumvi. Maji yasiyo na chumvi ndiyo ya kwetu, na yanambeba mtu kidogo kuliko bahari. Asikudanganye aliyejifunzia kuelea Bagamoyo.

Hata zile nafuu zenye foamu halali, nyingi ni za nyutoni 50. Hiyo ni saizi ya mtu anayejua kuogelea, yuko macho, na msaada uko jirani. Haimgeuzi aliyezimia. Mvuvi aliyepigwa na mti wa wavu kichwani akaanguka kifudifudi atabaki kifudifudi, anaelea vizuri huku anakunywa maji. Kwa kupaka rangi mtumbwi ukiwa umefungwa mwaloni Katonga, sawa. Kwa kulala ziwani usiku, hapana.

Kundi la pili ndilo tunalolipendekeza: foamu ya nyutoni 100, yenye kola nene nyuma ya shingo. Ukiona alama ya ISO 12402-4, ndilo daraja hilo. Kola na bamba za kifuani hushirikiana kumpindua mtu alale chali, mdomo juu ya maji. Bei yake inazidi ya kizibao, na matajiri wengi wa vyombo hapo ndipo wanapokunja uso. Lakini bei siyo inayoiangusha kazini. Inaangushwa na unene.

Mvuta wavu anainama, anaegemea ubavu wa chombo, anavuta kwa mikono miwili, ananyanyuka, anarudia. Bamba nene la kifuani linagonga ubao kila mvuto. Mpaka wavu wa pili, jaketi imeshavuliwa na imekuwa mto wa kulalia. Basi jaribu dukani, usione haya. Ivae juu ya koti lako la usiku, funga kila kitu, chuchumaa, kisha vuta ukingo wa kaunta kama unavuta kamba. Ikikupiga kidevu au ikakunyima pumzi, iache. Tafuta ile ambayo bamba za mbele ni nyembamba na ndefu, zimegawanywa vipande vinavyokunjika, na unene mkubwa umepelekwa kwenye kola. Kisha mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi avute juu kwa nguvu. Ikifika masikioni, ndani ya maji itakuvuka kichwa.

Dawa ya kuvuka kichwa ni mkanda wa mapajani, unaotoka mgongoni, kupita katikati ya miguu na kufungwa mbele. Jaketi nyingi za Kigoma zinauzwa bila mkanda huu, au unakuwemo kwenye nailoni na mnunuzi anautupa akidhani ni kamba ya kufungia mzigo. Kama haupo, fundi wa mahema anaweza kuushona kwa utepe wa nailoni wa sentimita 4 na uzi wa nailoni. Uzi wa pamba usikubali, unaoza. Ashone juu ya mkanda wa kiunoni tu. Sindano isiguse mfuko wa foamu.

Kuna hatari moja ambayo lebo haikuelezi. Mkia wa mkanda unaoning'inia unanaswa na macho ya wavu, na wavu unaposhuka haukuulizi. Acha mkia wa sentimita 10 kwa ajili ya kulegeza, unaozidi ukate na uchome ncha kwa kiberiti isifumuke, kisha uchomeke chini ya mkanda. Klipu zilizofunikwa na kitambaa ni bora kuliko zilizo wazi. Zipu iwe ya plastiki, meno makubwa; ya chuma inashika kutu na siku ya kuhitajiwa haipandi.

Kundi la tatu ni zile bapa zinazojazwa na gesi. Zimekaa kama mkanda mpana shingoni, hazizuii kitu, na kwa uhuru wa mikono hakuna inayozishinda. Ukivuta kikamba, kitungi cha gramu 33 za gesi ya kaboni kinajaza kifuko hadi nyutoni 150. Kwenye karatasi ndiyo bora. Kwenye dagaa, tuna mashaka. Aina inayojijaza yenyewe hutegemea kidonge kinachoyeyuka kikilowa, na mvuta wavu analowa usiku kucha. Itajaa ghafla kifuani akiwa bado chomboni, na kitungi kimeshatumika. Ile ya kuvuta kwa mkono haina tabia hiyo, lakini aliyezimia hawezi kuvuta. Ndoano na sindano za kushonea nyavu zinatoboa kifuko. Isivaliwe kamwe chini ya koti lililobana. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe kitungi cha akiba. Akikwambia kitakuja na mzigo ujao, umeshapata jibu.

Mwenye nayo tayari afanye hivi kila mwezi: afungue kitungi na kukitazama, kama kichwa kimetobolewa kimeshatumika, akipime kwa mzani wa sonara na kulinganisha na uzito uliochongwa ubavuni, ukipungua zaidi ya gramu 2 kitupwe, akirudishe kwa kukaza hadi mwisho kwa mkono, maana kitungi kilicholegea hakitoboki, kisha ajaze kifuko kwa mdomo na kukiacha usiku mzima. Kikiwa laini asubuhi, kinavuja.

Vitu vidogo sasa. Filimbi iwe ya plastiki isiyo na kipunje ndani, kwa kuwa kipunje kinavimba na kugoma. Ifungwe kwa kamba fupi inayofika mdomoni. Riflekta ziwe mabegani na kwenye kola, kwa sababu hapo tu ndipo panapobaki juu ya maji. Ile mistari mizuri ya kiunoni inawapendezea samaki. Taa za sola zinazowavutia dagaa zinamulika duara dogo, na nje ya duara hilo macho yako yaliyozoea mwanga hayaoni kitu. Aliyeanguka nje ya duara anaonekana kwa riflekta ikipigwa tochi, au kwa filimbi mashine ikizimwa. Anayeshika mashine naye kamba ya kuzimia aifunge kwenye mkanda wa jaketi. Akirushwa, mashine inazima na chombo hakimwachi.

Na dumu? Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, lina nguvu ya kuelea ya karibu kilo 19, zaidi ya jaketi yoyote tuliyoitaja. Lifungwe kamba ya mita 15 inayoelea na liwekwe tezi, nyuma ya chombo, kama boya la kurushia. Ila dumu linataka mikono, na mikono huchoka. Maji ya juu ya ziwa yako kwenye nyuzi 25 hivi, hayakuui kwa baridi mara moja, lakini usiku mzima yanakunyonya joto mpaka vidole havishiki. Dumu ni la kumfikia mtu, jaketi ni ya kumbakiza juu.

Kwa boti za abiria unene si tatizo, hakuna anayevuta wavu. Hapo chukua nyutoni 100 au 150 zenye kola, idadi sawa na watu wote waliomo na siyo viti, na za watoto kwa kilo zao: jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto kwa chini. Zikaguliwe zilipo pia. Jaketi zilizofungwa kamba moja na kusukumwa chini ya magunia huko omo, mbele ya boti, zinamridhisha mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, bandarini, lakini kusi likikaza mwezi wa Julai hakuna atakayefungua hilo fundo.

Utunzaji wake ni mdogo. Isuuze, ianike kivulini; jua la bati na moto wa jikoni vyote vinasinyaza foamu. Petroli inaila, basi isikae na dumu la mafuta. Usiilalie. Foamu iliyobanwa kila usiku inakuwa nyembamba na nguvu ya kuelea inapungua kimyakimya. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, zinatosha kukagua mishono na klipu. Kipimo cha mawe kifanye wakati wa kufungwa kwa ziwa, kama ilivyokuwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, chombo kikiwa juu na muda upo. Andika mwezi na mwaka wa kununua ndani ya kola kwa kalamu isiyofutika.

Ile iliyoshindwa mawe, ikate vipande kabla ya kuitupa. Ukiiacha nzima, wiki ijayo utaikuta mwaloni Kibirizi imening'inia kwenye boti nyingine.