Inkubeta ya mezani ya mayai 48: mashine nzuri, kioo chake usikiamini

Kwa anayeishi kwenye fleti au nyumba isiyo na uwanja, inkubeta (mashine ya kutotolea vifaranga) ya plastiki ya mezani ya mayai 48 inatosha kabisa. Inakaa juu ya meza, haina kelele ya kusumbua jirani, inageuza mayai yenyewe, na mfuniko wake angavu unakuwezesha kuchungulia bila kufungua. Udhaifu wake mkubwa hauonekani dukani: namba iliyo kwenye kioo si lazima iwe joto lililopo kwenye mayai.

Kwa hiyo kabla ya kuweka hata yai moja, iwashe tupu kwa saa 24. Nunua kipimajoto cha pembeni, yaani kisicho cha mashine yenyewe, kichovye kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kile cha kupimia homa, na uandike tofauti yao. Kisha kilaze ndani ya mashine kwenye kimo cha juu ya mayai, kwanza katikati chini ya feni, halafu kwenye kila kona. Kinachotakiwa ni nyuzi 37.5 hadi 37.8. Modeli nyingi zina kipengele cha CA kwenye mipangilio, nacho ndicho cha kurekebishia kioo. Joto likizidi kwa nyuzi moja, vifaranga hutoka siku ya 19 au 20 wakiwa na vitovu visivyofunga. Likipungua, wanachelewa hadi siku ya 22 au 23, nao hutoka wanyonge. Kona huwa na ubaridi kidogo kuliko katikati, basi hamisha mayai ya pembeni kila baada ya siku chache. Usiweke mashine dirishani jua linapopiga.

Kipimaunyevu cha mashine nacho hakiaminiki. Tafuta cha pembeni, ukipime kwanza kwa chumvi: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe uji mzito, funga pamoja na kipimaunyevu hicho ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 8. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Hapo utajua pengo lake, na ukikiweka ndani ya mashine utajua na la mashine.

Kitako kina mifereji miwili ya maji. Siku 18 za kwanza jaza mmoja tu, unyevu ukae asilimia 45 hadi 55. Siku tatu za mwisho jaza yote miwili ufikie 65 hadi 75. Wengi hujaza yote tangu siku ya kwanza wakidhani maji mengi ni heri. Matokeo yake yai halipotezi maji ya kutosha, kifuko cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga aliyekamilika anafia ndani ya ganda. Mizani ya jikoni inamaliza ubishi: yai la gramu 60 linatakiwa kushuka hadi gramu 52 au 53 siku ya 18. Likiwa zito zaidi ya hapo, punguza maji mapema kwenye awamu ijayo.

Kigeuzi ndicho sehemu iliyotengenezwa kwa uangalifu kidogo. Mayai madogo, hasa ya kuku wa kienyeji, hulegea kwenye nafasi zake na huteleza badala ya kuzunguka. Chora alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, uone kama kweli yanageuka. Siku ya 18 ondoa trei ya kigeuzi, la sivyo vifaranga watabanwa miguu. Sakafu iliyo chini yake inateleza mno, miguu hutanuka ikabaki hivyo. Tandika wavu wa mpira ule wa kuzuia zulia kuteleza.

Tochi ya kumulikia ndani ya yai iliyojengwa kwenye mfuniko inafaa kwa mayai meupe. Kwa ganda la kahawia tumia ya simu kwenye chumba chenye giza. Siku ya 7 lazima uone mishipa. Lisilo na kitu au lenye pete ya damu toa, maana yai viza likipasuka linachafua yote.

Umeme ukikatika kwa saa moja au mbili, acha mfuniko ukiwa umefungwa na uifunike mashine kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi. Mahali umeme unapokatika kila mara, chukua modeli yenye waya wa betri ya volti 12 hata kama ni ghali zaidi.

Kifaranga akishatoboa ganda usifungue mfuniko: utando hukauka na kumnata. Kutoka huweza kuchukua saa 24, naye hahitaji chakula upesi kwa kuwa bado analishwa na kiini.

Asiyefaa kununua hii ni anayetaka vifaranga kila wiki. Haiwezi kuchanganya mayai ya umri tofauti, kwa sababu unyevu wa siku za mwisho huharibu yaliyo nyuma.