Udi wa Kichina kwa Anayeanza: Upi Ununue Kwanza

Aliyekulia kwenye nyumba yenye chetezo huingia kwenye udi wa Kichina akiwa na faida. Malighafi nyingi anazijua tayari: sandali, ubani, manemane, karafuu, na udi wenyewe kwa maana ya ule mti wa kunukia, ambao Wachina huuita chenxiang. Mali hizi zimevuka bahari karne nyingi. Jahazi la enzi ya Song (utawala wa kifalme wa China wa karne ya 10 hadi ya 13) lililofukuliwa mwaka 1974 karibu na Quanzhou, jimbo la Fujian, lilikutwa na shehena ya miti ya kunukia, ubani, ambari na pilipili manga.

Kinachomtatiza mgeni ni wingi wa maumbo na vifaa. Wauzaji wengi humsukumia seti ya vyombo vya kupendeza na udi hafifu ndani yake. Fedha ya kwanza iende kwenye udi, vyombo vitafuata. Kwa msingi huo napanga hivi.

1. Vijiti visivyo na uti (xianxiang). Hivi ndivyo vya kuanzia. Ni unga wa miti na viungo uliokandwa kwa maji na unga wa gome linalonata, ukakamuliwa kuwa nyuzi nyembamba na kuanikwa. Katikati hakuna mwanzi, kwa hiyo harufu ya mti unaoungua haiingilii ya udi. Chukua sandali kwanza. Ina harufu tulivu yenye utamu wa maziwa, bei yake inavumilika, na ukishaizoea pua yako itagundua haraka udi uliotiwa manukato. Chenxiang isubiri. Mti wake, Aquilaria, hutoa utomvu unaoipa chenxiang harufu pale tu unapojeruhiwa au kuingiwa na fangasi, na tangu 2005 jamii yake yote imo kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kisanduku kikubwa cha "chenxiang halisi" kwa bei ya chee kina kitu kingine ndani.

Kabla ya kulipa, nusa kijiti kikiwa hakijawashwa. Udi wa miti mitupu hunukia kwa upole, mpaka ukisogeze puani. Kinachokufikia kisanduku kikiwa bado kimefungwa kimetiwa manukato. Kisugue kwa vidole, kisha unawe: harufu ikigoma kutoka, mashaka yako yana msingi. Cha rangi ya waridi au kijani kikali kiache hapo hapo. Wapo pia wauzaji wanaosifu majivu yanayojikunja bila kudondoka. Hilo linategemea mchanganyiko na unene wa kijiti, wala si ushahidi wa ubora.

Kishikio huhitaji kununua. Jaza chetezo chako majivu makavu yaliyochekechwa, usiyashindilie, uchomeke kijiti wima. Ukiagiza kupitia wakala wa mizigo wa Guangzhou, sisitiza vije ndani ya bomba gumu, maana vijiti hivi huvunjika kwa kuguswa tu.

2. Unga wa kuchapa kwa kalibu (zhuanxiang). Ukinipa nafasi ya kukushawishi, hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu. Unasawazisha majivu kwa kishindilio bapa, unaweka kalibu ya shaba juu yake, unasukumia unga kwenye mifereji kwa kijiko kidogo, unagonga ukingo taratibu, kisha unainua kalibu wima bila kutikisa mkono. Inabaki alama moja ndefu iliyopindapinda, nawe unawasha ncha yake tu. Moto unaifuata hadi mwisho. Wasomi wa enzi ya Song waliihesabu sanaa ya udi pamoja na chai, kupanga maua na kutundika michoro, na kazi hii ya mikono inaonyesha kwa nini. Nunua kalibu ndogo yenye mifereji mipana, kwa sababu mstari mwembamba hukatika na kuzimika. Wa Mombasa na Zanzibar wana kazi ya ziada: majivu hunyonya unyevu wa bahari, kwa hiyo yakaushe kwa kuzika kaa la moto ndani yake, yapoe, ndipo uchape.

3. Udi wa mzunguko (panxiang). Una umbo la dawa ya mbu ya kuchoma na huwaka kwa saa kadhaa. Unafaa sebule kubwa au baraza. Kwa chumba kidogo ni mwingi mno.

4. Vijiti vyenye uti wa mwanzi. Yongchun, huko huko Fujian, ni maarufu kwa ufundi huu, na simulizi za huko zinauhusisha na ukoo wa Pu wenye asili ya Kiarabu. Ni imara na rahisi, vya kutumia kila siku, lakini mwanzi nao unaungua na unanukia.

5. Koni za moshi unaoshuka. Zina tundu chini, na moshi humwagika kama maji kwenye sanamu ya mlima. Zinapendeza kwenye video. Nyumbani zinatoa moshi mzito na kuacha utando wa mafuta unaonata, tena nyingi zimetiwa manukato. Sizipendekezi.

Mwenye pumu, au mwenye mtoto mchanga ndani, asiwashe chochote kati ya hivi. Anunue chetezo cha umeme chenye kidhibiti cha joto, aweke vipande vidogo vya sandali, aanze na joto la chini na kupandisha kidogo kidogo. Vikianza kutoa moshi, apunguze. Wengine wote, dirisha liwe wazi kidogo, na kijiti kimoja kwa wakati mmoja kinatosha. Kikiwa kirefu kuliko unavyohitaji, kikate kabla ya kuwasha na ukihifadhi kipande kilichobaki.