Uzoefu wangu: hita ya pikapu ya dizeli ilikuwa inapuliza uvuguvugu, bunduki ya kupima joto ikaniepusha kushusha dashibodi

Najua mtu anayekaa Tabora akianza kulalamikia hita ya gari watu wanacheka, hata fundi wa kwanza alicheka akaniambia mzee hapa watu wanatafuta AC wewe unatafuta hita. Sawa, ila mimi kazi yangu ni kupeleka asali Njombe na kurudi na viazi, natoka hapa napita Itigi, Manyoni, Dodoma, naingia Mtera mpaka Iringa alafu Mafinga, Makambako ndo Njombe, na kama hujawahi kulala Njombe mwezi wa saba basi nyamaza kwanza. Sisi tuko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kule ni karibu 2,000, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama umevuta sigara.

Gari ni Hilux dabo kebini ya zamani, injini 3L, ile dizeli ya 2.8 isiyo na tabo. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa anapigia mzigo wa dagaa Kigoma. Hita ipo, feni inapuliza vizuri tu, ila kinachotoka ni kama mtu anakupumulia mkononi. Mwaka huu mwezi wa sita niko kati ya Mafinga na Makambako saa kumi na moja alfajiri kioo kikajaa ukungu kwa ndani, mkono mmoja usukani mkono mmoja kitambaa, utingo kajifunga blanketi mpaka puani, nikasema hapana, nikirudi nyumbani hii kitu lazima ipone.

Fundi wa kwanza (gereji siitaji, tunaishi mji mmoja) hakushika hata mpira mmoja wa maji. Aliwasha gari, akaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi, akasema rejeta ya hita (ile ndogo ndani ya dashibodi inayopitisha maji ya moto ya injini) imeziba, dashibodi ishuke yote, laki mbili na nusu ufundi tu, rejeta yenyewe ukatafute Dar. Sasa wenye hizi gari wanajua, dashibodi ikishushwa hairudi ilivyokuwa, kuna skrubu zitabaki kwenye kopo na kuna kelele utaisikia mpaka siku unauza gari. Nikamwambia ngoja nijipange kidogo.

Ndo hapo nikanunua hii bunduki ya kupima joto, ile unabonyeza inatoa kitone chekundu. Ya kichina, haina jina la maana, niliagiza mtandaoni ikaja na basi, 45,000 mpaka inafika stendi hapa. Inatumia betri ya mraba ya 9V na pembeni imeandikwa inapima mpaka digrii 380.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha. Injini imeshazunguka vya kutosha, naelekeza kwenye ile shingo ya aluminiamu juu ya injini maji yanapopitia, inaniambia 38, naweka kidole, kinaungua. Nikasema nimepigwa. Kumbe chuma kinachong'aa kinaidanganya, haisomi joto lake vizuri, ukibandika kipande cha solotepu nyeusi ya umeme alafu ukapima juu ya solotepu namba inakuja ya kweli. Mpira mweusi wa maji hauna shida hiyo, unaelekeza tu. Na kile kitone chekundu sicho kinachopima, yenyewe inachukua duara, ukikaa mbali duara linakuwa kubwa inachanganya mpira na kila kilicho nyuma yake, so sogea karibu kama upana wa kiganja. Kingine haipimi hewa. Ukielekeza kwenye tundu la hita inakusomea plastiki. Hewa nilipimia kile kipimajoto cha kwenye bruda, kibanda cha kulelea vifaranga, nimekichukua kwa mama watoto bila ruhusa.

Sasa vipimo. Dizeli ikiwa sailensa tu (inaunguruma imesimama) haipati joto la maana, hata uiache iungurume nusu saa, kwa hiyo nilitoka barabara ya Nzega kama kilomita 30 na kurudi, nikasimama, nikafungua boneti injini bado inawaka. Shingo ya injini 59. Pale kwenye ukuta wa injini kuna mipira miwili midogo inaingia ndani kwenye hita, unaoingia 57, unaorudi 49. Hewa ya ndani 31, na nje asubuhi hiyo ilikuwa 18.

Nikakaa nikaangalia hizo namba. Ingekuwa rejeta ya hita imeziba mpira unaoingia ungekuwa moto kweli na unaorudi wa baridi au vuguvugu. Ingekuwa maji hayafiki kabisa, labda yamepungua au hewa imenasa, yote miwili ingekuwa baridi. Hapa yote miwili inakaribiana ila yote ya uvuguvugu, yaani hita inapokea maji inayopewa, shida maji yenyewe hayana moto. Injini ya hivi ikishatembea inatakiwa ikae kama digrii 80 na kitu huko, yangu iko 59. Na mimi miaka yote miwili najisifia kwa watu gari yangu haichemshi hata siku moja, mshale wa joto uko pale chini karibu na C ya baridi hautingishiki! Nilikuwa naisifia homa ya kinyume.

Kuna jaribio lingine la bure kabisa, halihitaji bunduki. Asubuhi gari ikiwa ya baridi washa, shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Themostati (kile kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ikiwa nzima mpira unabaki wa baridi muda mrefu alafu ghafla unakuwa moto. Wangu ulianza kupata joto polepole toka mwanzo, kama sufuria la chai. Safari iliyofuata nikaweka boksi la katoni mbele ya rejeta kupunguza upepo kama wanavyofanya madereva wa malori, mshale ukapanda kidogo na hita ikajitahidi, ila mlima Nyang'oro nikasimama nikalitoa maana mshale ulianza kunitisha. Boksi siyo matibabu, ukilisahau utaua silinda hedi.

Fundi wa pili ni kijana wa Kasulu anafanyia kazi chini ya mwembe huku Isevya, hana hata bati. Nikamwonyesha namba nilizoandika kwenye karatasi. Akasoma, akasema "shikamoo mzee, yaani umenifanyia kazi nusu." Akamwaga maji kidogo, yakatoka ya rangi ya chai ya maziwa, kutu tupu, akafungua boliti za ile shingo, akaingiza kidole ndani akatoa.

"Mzee, hamna kitu humu."

Hamna kitu kweli. Gasiketi na silikoni basi. Themostati ilishatolewa zamani. Akaniambia gari nyingi za ukanda wa ziwa ziko hivyo, ikichemsha mara moja fundi anang'oa themostati anamwambia mwenye gari huku kwetu joto hii ya wazungu, wakati kilichokuwa kinachemsha ni rejeta imeziba au kifuniko chake kimekufa. Na zipo themostati zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji mengine yanazunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo mtu anaitoa ili isichemshe alafu mlimani ndo inachemsha vizuri.

Nikaenda duka la spea, 20,000, boksi limeandikwa jina kubwa. Kijana akasema usifunge kabla hujaipika. Nikafikiri ananitania. Unachukua uzi, unaubana kwenye mdomo wa themostati pale inapofungukia, unaininginiza kwenye sufuria la maji juu ya jiko la mkaa, maji yakipanda joto ikifunguka inaachia uzi inadondoka, hapo hapo unapima joto la maji. Imegongwa namba 82 kwenye chuma, ndo digrii inayotakiwa kufungukia. Yangu imedondoka bunduki inasoma 66, mvuke ukiwa hata haujaanza kusumbua. Nikarudi dukani. Muuzaji akaishika akasema hii ishalowa, kikilowa haturudishi. Themostati. Kitu kinachoishi ndani ya maji maisha yake yote. Nilicheka mpaka hasira zikaisha, nikaondoka. Ya pili nilinunua duka lingine 35,000, ikadondoka kwenye 81, nikaipika tena mara mbili, ile ile.

Wakati wa kufunga ina kijipini kidogo kinachochezacheza pembeni, hicho kinakaa juu ili hewa ipite, ukikilaza chini hewa inanasa ndani. Tukasuuza mfumo mpaka maji yakatoka meupe, tukaweka kulanti nusu na maji nusu, tukaegesha gari mdomo umeangalia juu kwenye kile kituta karibu na mfereji, hita imewekwa kwenye moto wa mwisho, kifuniko cha rejeta wazi toka injini ikiwa ya baridi, kijana anaminyaminya mpira mkubwa, mapovu yanatoka, unaongeza, mpaka yakaisha. Tafadhali usifungue hicho kifuniko gari ikiwa imeshapata moto, nina jamaa yangu ana kovu shingoni.

Nikarudi barabara ile ile ya Nzega. Shingo 84, mshale umekaa karibu na kati, sijawahi kuuona hapo. Mpira unaoingia 82. Unaorudi 54! Hewa ndani 40. Ni afadhali ila siyo yenyewe, na hapa ndo nilifurahi kuwa na namba maana bila hivyo ningesema imepona nikaenda zangu. Tofauti kubwa namna hiyo ina maana maji yanapita kidogo sana yanapoa njiani. Nikatokwa jasho kidogo nikijua ile hadithi ya dashibodi inarudi, ila kijana akamwambia utingo achezeshe levya ya hita ndani yeye anaangalia kwenye boneti. Hizi za zamani zina koki ya maji inayovutwa na waya, na waya ulikuwa umechomoka kwenye kibanio chake, levya inafika mwisho ila koki imefunguka nusu. Plaizi, dakika mbili. Unaorudi ukasoma 73, na kile kipimajoto cha vifaranga chenyewe kinaishia 50, wino mwekundu ukaenda mpaka juu nikakichomoa haraka kabla hakijapasuka.

Juzi nimetoka Njombe, nimekaa ndani na shati. Utingo aliomba nishushe kioo. Moshi mweusi wa asubuhi umepungua sana, na dizeli nilikuwa napata kama kilomita 9 kwa lita sasa inagusa 10, ila safari hii mzigo ulikuwa mwepesi kidogo msinikamate kwa hilo.

Hesabu: bunduki 45,000, themostati mbili 55,000 (moja iko kwenye droo kama ukumbusho), kulanti 40,000, kijana nilimpa 30,000 na galoni la asali. Bunduki naipa nne kwa tano, moja nimeikata kwa sababu karatasi ya maelezo haisemi popote habari ya solotepu na vitu vinavyong'aa, na mtu akiiamini kichwakichwa itampotosha. Mama watoto kaichukua, anapimia matandazo ya bruda, kipimajoto chake anasema kinanuka dizeli hakitaki tena. Feni namba moja na mbili bado hazifanyi kazi, inapuliza tatu na nne tu, kijana anasema ni rizista, tutaiangalia nikirudi na viazi.