Praivasi ya domeni ya Namecheap: wewe uuzae kutoka nyumbani, soma hapa

Naandika hii hasa kwa kina dada na vijana wa hapa Mombasa wauzao vitu kutoka nyumbani, mabaibui, keki, udi, mahamri ya oda, ambao sasa wataka websaiti yao wenyewe. Ukisajili domeni, yaani lile jina la websaiti lenye mwisho kama .com, waulizwa jina, simu, imeili na mahali unapokaa, na ICANN, wale wasimamizi wa domeni duniani, wataka viwe vya kweli, ukidanganya domeni yaweza kufungwa. Sasa kama duka lako ni chumba cha mbele Kibokoni, ile anwani ndio mlango wa nyumba wanayolala watoto, na ile namba ndio hio hio ya M-Pesa yenye pesa ya kodi. Hio si ya kuanikwa kwenye orodha ya wenye domeni, ambayo mtu yeyote aweza kuitafuta mtandaoni bila huduma ya kuficha.

Domeni ya dadangu, ya .com, tuliisajili Namecheap, kampuni ya kuuza domeni, na huduma yao ya kuficha naipenda sana. Ni bure, na si mwaka wa kwanza tu, ni bure muda wote domeni iko kwao. Ukiitafuta kwenye lookup.icann.org, ukurasa wa ICANN wa kuangalia mwenye domeni, huoni jina lake wala Kibokoni, waona Withheld for Privacy, kampuni ya Reykjavik huko Iceland, na imeili ya herufi zilizochanganywa ambayo mtu akiiandikia ujumbe wapelekwa kwenye imeili yake ya kweli. Kulipa tulitumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ikapita.

Kabla ya hapo alikua na ajenti mmoja wa hapa mjini, simtaji, aliyesajili domeni kwa jina lake yeye ajenti ati ndio kumlinda mteja, na kila mwaka akimtoza pesa ya praivasi mbali na ya domeni. Dadangu alipotaka kuhama ndio akaambiwa mwenye domeni si yeye. Jamani huko si kulindwa, huko ni kunyang'anywa jina la biashara ulilolijenga kwa jasho lako, na yaniuma maana wanafanyiwa wengi na hawajui. Praivasi ya sawa ni jina lako liwe ndani ya akaunti yako, na pasiwedi iwe yako, huku nje ndio lifichwe. Na tangu Mei 2018, ilipoanza ile sheria ya data ya Ulaya ya GDPR, kampuni nyingi za kusajili domeni zafunika taarifa za watu hata bila kuombwa, kwa hivo anaekuuzia bei kubwa muulize vizuri wakuuzia nini.

Mipaka iko. Domeni za .us hazikubali kufichwa kabisa, na za .ke ziko chini ya KeNIC, wasimamizi wa domeni za Kenya, huko kuna taratibu zao, uliza kabla hujalipa. Ukishasajili pia italetwa imeili ya kuthibitisha, ibonyeze mapema, siku 15 zikipita domeni yaweza kusimamishwa. Halafu usifiche namba kwenye domeni kisha uiandike ile ile kwenye websaiti, chukua laini nyingine ya WhatsApp ya biashara na uweke till namba ya kulipia. Dadangu ndivo alivofanya.

Mie Namecheap nawapa nyota tano.