Nissan Leaf kati ya Limuru na Westlands: namna ninavyofaidi kila uniti ya umeme

Gari ninaloendesha ni Nissan Leaf lenye betri ya uniti 40, lililoletwa Kenya kutoka Japani likiwa limeshatumika. Ninaishi Limuru na kufanya kazi Westlands, jijini Nairobi, na baada ya kulitumia wakati wa mvua, katika baridi ya Julai na kwenye msongamano wa jioni, ninasema bila kusita kwamba ni gari bora kwa barabara hii, mradi dereva akubali kuzielewa tabia zake.

Mnunuzi ataambiwa kwamba linakwenda kilomita 400. Hiyo ni tarakimu ya kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08, kinachofanywa maabarani kwa mwendo wa pole. Kipimo cha serikali ya Marekani kwa gari hilohilo ni kama kilomita 243. Mimi hupanga safari kwa kipimo cha pili, tena nikipunguza kwa kuwa betri imekwisha kutumika. Vilevile hutazama asilimia ya chaji badala ya kilomita zinazooneshwa kwenye dashibodi, maana hizo hukadiriwa kutokana na uendeshaji uliotangulia, na aliyetoka kuteremka huoneshwa kilomita nyingi ambazo kilima kinachofuata kitazifuta.

Siri kubwa ya barabara hii ni mteremko. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hadi kufika Westlands huwa nimeshuka karibu mita 500. Gari lenye uzito wa takriban kilo 1,600 likiwa na dereva hutoa katika kushuka huko nishati ya zaidi ya uniti 2, ambayo katika gari la petroli hupotea bure kama joto la breki na injini, lakini hapa mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu yake kwenye betri. Hata hivyo, betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea chochote, kwa hiyo mkazi wa mlimani anayeondoka nyumbani na asilimia 100 huupoteza umeme ambao barabara ilikuwa imempa. Ndiyo sababu huweka saa ya gari ikomeshe kuchaji karibu na asilimia 80, kiwango ambacho pia huipunguzia betri uchakavu.

Kwenye foleni ya Kangemi hutumia e-Pedal, mfumo unaomwezesha dereva kuongeza mwendo, kupunguza na hata kusimama kwa kanyagio moja, nao hupunguza sana uchovu. Barabara ikifunguka huuzima, kwa kuwa kuliacha gari liserereke lenyewe ni nafuu kuliko kukusanya umeme na kuutumia tena. Kila mzunguko wa namna hiyo hupoteza kiasi. Kuhusu kasi, nguvu ya upinzani wa hewa huongezeka mara nne mwendo unapokuwa maradufu, hivyo tofauti ya kilomita 80 na 110 kwa saa huonekana upesi kwenye asilimia. Asubuhi za baridi huwasha joto la kiti kabla ya hita ya hewa, na tairi huziweka kwenye upepo wa psi 36.

Nyumbani huchaji usiku kwa laini yake ya pekee iliyotandazwa na fundi mwenye leseni, yenye waya wa ardhi (earth) wa kuaminika, kwani soketi ya kawaida haikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa saa nyingi mfululizo. Chaji ya haraka huitumia kwa nadra. Betri ya Leaf haipoozwi kwa maji, na ikipata joto la barabara kuu pamoja na la chaja, gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda Mombasa mara kwa mara, safari ya kilomita 480 hivi, simshauri anunue gari hili. Anayelitaka kwa shughuli za Nairobi na viunga vyake ahesabu kwanza vipande 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, ambavyo hupungua betri inavyochakaa, kisha ndipo azungumze bei.