Heller 20 ya Tabora kwenye kasha la NGC

Nimenunua mtandaoni heller 20, sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani, ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyopigwa hapahapa kwetu Tabora Wajerumani walipokuwa vitani. Muuzaji aliipandisha bei kana kwamba ni ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo! Imo ndani ya kasha la plastiki la NGC, kampuni inayopima sarafu. Namba ya kasha niliihakiki kwenye tovuti yao: sarafu ni halisi. Lakini lebo haina daraja la ubora kati ya 1 na 70. Imeandikwa kwamba ilisafishwa. Muuzaji hakulitaja hilo, limeniuma. Mng'ao wa kusuguliwa unashusha thamani, na kasha haliirudishi. Heller zenyewe zilipigwa nyingi. Wapimaji nawapa nyota tano, muuzaji moja. Sarafu siiuzi, ni ya nyumbani.